Mahali Palipowekwa Birika

Benchi letu lilikuwa la kanisa. Liliokolewa kwenye majivu mwaka ule Wazungu wabaguzi wa mashuka meupe walipolichoma kanisa la Mtaa wa Cypress, na ncha yake moja ni nyeusi mpaka leo. Kanisa jipya lilipopata viti vipya, benchi halikurudishwa, likabaki hapa nje, limeegemea ukuta wa duka la dobi la Verlene Tarver, likitazama kituo cha basi. Asubuhi hapa Harlow Bend huanza na harufu ya kiwanda cha karatasi, kisha hufuata mvuke wa pasi kutoka dirishani kwa Verlene, kisha kahawa. Wazee watatu huketi hapo mpaka jua liwafukuze. Kuna Jaji, ambaye hajawahi kuingia mahakamani ila kama mshtakiwa, lakini hapiti mtu kona hii bila kuhukumiwa. Kuna Redio, aliyeshika redio za mkononi enzi walipoulinda mtaa usiku, na tangu hapo hajajizima. Na kuna Nusu Kikombe, ambaye husema "nitilie nusu tu," kisha hiyo nusu ikatiliwa mara nne. Mimi huketi pembeni, juu ya kreti la soda. Nilikuja mjini baada ya mambo yale kwisha, nikawafundisha watoto wao kusoma, basi wananiita Mwalimu na kuniacha nisikilize. Kati ya Jaji na Redio pana nafasi ya mtu mmoja, na katika nafasi hiyo hukaa birika la kahawa. Hakuna mtu aketiye hapo. Kitako cha birika kimechora duara jeusi kwenye mbao, kama muhuri.

Alhamisi moja ya Agosti Verlene alileta birika kama kawaida, akaliweka kwenye duara lake, lakini hakurudi ndani. Alisimama akifuta mikono kwenye aproni. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ile ya Kurudi Nyumbani, kanisa linapowapikia wote waliohamia kaskazini, na mtaa ulikuwa umekwisha kunukia keki.

— Lucius kapiga simu, alisema.

Lucius ni kaka yake. Aliondoka mjini zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na hata mama yao alipozikwa, yalikuja maua tu. Nusu Kikombe alikuwa amenyoosha kikombe chake. Akakirudisha mapajani.

— Anakuja? akauliza Redio.

— Anataka kuja. Basi la Jumamosi. Ila ameniuliza jambo moja. Amesema, waulize wale kama mahali pangu kwenye benchi bado papo.

Wazee wakatazama kituo cha basi, kana kwamba jibu lingeshuka pale.

— Mimi nina mashati ya harusi ya kumaliza, Verlene akasema. Birika likiisha nitatoka kulichukua. Na jibu nitalichukua hapo hapo.

Akaingia. Tukasikia pasi ikigonga meza, ikiteleza, ikigonga tena.

— Leo nitilie robo, akasema Nusu Kikombe.

Basi kahawa ilianza kunywewa polepole kuliko nilivyopata kuiona ikinywewa. Jaji aliipuliza kahawa ambayo haikuwa na moto wa kupulizwa. Redio alikishika kikombe kwa mikono miwili, bila kukiinamisha. Hakuna aliyekubali kuwa ndiye atakayelifikia tone la mwisho.

Lazima niseme walivyokuwa watu hawa kabla ya kuwa wazee, maana ukiwaona sasa utadhani walizaliwa wamekaa. Walikuwa vijana wa kiwandani, baadhi wametoka vita vya Korea. Wanafunzi walikuja kutoka miji ya kaskazini kuwasaidia watu wetu weusi kujiandikisha kupiga kura, wakalala katika nyumba za mtaa huu. Magari yakaanza kupita bila taa na kupiga risasi kwenye baraza za nyumba. Sherifu akaambiwa, akasema hajaona kitu. Ndipo wanaume sita, hawa watatu, Lucius, na wawili ambao hawapo tena, wakasema kwamba watoto wa watu waliolala kwetu wataamka salama. Wakachukua bunduki zao za kuwindia, wakalileta benchi la kanisa lililoungua mpaka kona hii, wakaketi kwa zamu, bunduki chini ya benchi, birika juu ya jiko dogo la mafuta. Baada ya hapo magari yalijifunza njia nyingine.

Walikuwa na desturi yao. Mtu anayekuja kupokea zamu hakutokea tu kwenye kona. Alisimama nyuma ya ukuta kwanza, akavumisha wimbo wake kwa pua, kila mmoja na wake. Na aliyekuwa benchini akiutambua, aliurudisha wimbo ule ule, maana yake njoo. Asiyevumisha alijitafutia risasi. Desturi hiyo hawajaiacha. Hata leo Jaji akitoka kununua gazeti utamsikia kabla ya kumwona, ana wimbo wake wa sauti nne zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi, na Redio humrudishia bila kuinua kichwa.

— Mimi nitatoa hukumu, Jaji alisema. Asiyekuwepo na lake halipo. Methali imeshasema, mimi nani niongeze?

— Methali hiyo ni ya chakula, akasema Redio.

— Na benchi je? Benchi ni la nini kama si la kula na kunywa?

— Unahukumu kwa kuwa unaogopa, Redio akamwambia kwa upole.

Jaji aliinamia kikombe chake. Alisema kahawa hii haina ladha. Hilo husema kila siku, na kila siku wenzake hukubali. Zamani aliyepika kahawa ya zamu alikuwa Lucius. Alikaanga mwenyewe mizizi ya mmea wa chikori, akaichanganya na kahawa kwa kipimo ambacho hakumwambia mtu, akatia chembe ya chumvi. Verlene anajua mizizi, na chumvi anaijua, lakini kuna kitu cha tatu, na hicho Lucius aliondoka nacho.

Nusu Kikombe alianza kukumbuka usiku mmoja wa baridi Lucius alipomvisha soksi zake mwenyewe, lakini Jaji akamkata.

— Usituletee soksi. Mtu huyo alituuza. Kwa sasa anakaa Arizona katika nyumba ya serikali yenye bwawa la kuogelea.

— Verlene anasema anakaa Milwaukee, juu ya duka la viatu, Nusu Kikombe akasema.

— Ungekuwa na bwawa la kuogelea la serikali, dada yako ungemwambia unalo?

Nusu Kikombe aliona hiyo ni hoja nzito, akanywa kidogo, kisha akashtuka kwa kuwa amekunywa.

Hapo hapo akatokea mwanamke kwenye kona, bila sauti yoyote. Wazee wote watatu waliruka. Alikuwa amevaa sare ya kliniki na kubeba kipimo cha presha. Nesi wa zamani, aliyekuwa akija kila Alhamisi kuwapima, alikuwa amestaafu, na huyu alikuwa mgeni, ametoka Houston mwezi huo. Akasema anaitwa Charisse.

— Binti, Redio akamwambia, mkono wake bado kifuani. Hapa kwetu mtu akija huvumisha wimbo kwanza.

— Wimbo gani, mzee?

— Wowote. Alimradi ni wako.

Alicheka, akaahidi kutafuta mmoja. Akaangalia mahali pa kuketi ili ampime Jaji, akaona nafasi pekee ni ile ya birika, akalishika mpini alisogeze. Mikono mitatu ikamzuia kwa pamoja. Akaliachia kama aliyeungua.

— Samahani. Pana mwenyewe?

Hakuna aliyejua aseme ndiyo au hapana. Mimi nikainuka, nikampa kreti langu. Akamfunga Jaji kile kitambaa mkononi, akaanza kukijaza upepo, na kwa kuwa nesi mzuri hupenda kuwasemesha wagonjwa, akauliza tena habari za ile nafasi. Nilimwona Jaji akitazama dirisha la Verlene. Jambo hili hawakuwahi kulizungumza Verlene akiwa nje. Pasi ikiwa kimya, nao walikuwa kimya. Lakini sasa pasi ilikuwa ikigonga na kuteleza, na mvuke ulikuwa mwingi dirishani. Akashusha sauti, akaanza kumsimulia.

Mimi nilikuwa nimekisikia kisa hicho vipande vipande. Siku hiyo nilikisikia chote. Kuna gari la kijivu lilianza kuegesha mbele ya duka la mbegu, ndani yake watu wawili wenye viatu vinavyong'aa ambao hawakununua mbegu. Walikuwa watu wa serikali kuu. Hawakumuuliza mtu lolote kuhusu waliochoma kanisa. Waliuliza kuhusu sita wa benchi: nani ana deni, nani ana mwanamke wa pembeni, nani amemkasirikia nani. Kisha asubuhi moja sherifu na watu hao wakaja, wakachukua bunduki zote, wakawachukua na wenyewe. Hawakuambiwa kosa lao. Walilala chini kwenye saruji, wakanuka, wakawashwa na mbu. Wake zao walifika langoni wakarudishwa, na mchungaji alirudishwa. Hata sabuni haikupita.

— Asubuhi ya tatu, Jaji akasema, wakaita jina moja. Lucius Tarver. Wakamtoa peke yake, tena kwa mlango wa mbele, mtaa mzima unaona. Sisi tulikuwa dirishani. Na binti, alikuwa amevaa shati jeupe. Limepigwa pasi. Kola imetiwa wanga, imesimama hivi.

Aliinua kidole chini ya kidevu chake.

— Sisi tulikuwa kama nguruwe, na yeye kama anakwenda kubatizwa. Akageuka, akatutazama, akavuta mkono wa shati lake hivi, akatuonyesha. Sisi tukakaa humo wiki mbili nyingine.

— Alikuwa anajionyesha, akasema Nusu Kikombe, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

— Presha yako inapanda, mzee, nesi akasema. Usizungumze kwa hasira.

— Hupanda nikitaja serikali. Iache ipande, inajua njia.

Walipotoka, Jaji akaendelea, benchi lilikuwa pale pale na Lucius alikuwa ameketi mahali pake, amewapikia kahawa. Wakainywa wamesimama. Hawakumwambia neno. Siku ya pili yake alipotokea kwenye kona akivumisha wimbo wake, hakuna aliyeurudisha. Alisimama nyuma ya ukuta, akavumisha tena. Mwisho akaja hivyo hivyo, akakuta birika limewekwa mahali pake. Akalitazama, akawatazama. Akaenda zake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amepanda basi.

— Nani aliliweka? nesi akauliza.

— Mimi, Jaji akasema. Serikali ilituachia benchi tu. Bunduki zimekwenda, wawili wamefukuzwa kiwandani, wanafunzi wamerudi kwao. Hatukuwa na kingine cha kulinda.

Kisha, kama kawaida ya benchi letu jambo likiuma, kila mmoja akakimbilia nadharia yake, na kila nadharia ikaikanyaga ile ya mbele yake. Redio alisema yeye hakuwahi kuamini kwamba Lucius aliuza kwa mdomo. Alisema serikali ilitia kinasa sauti ndani ya benchi hili hili. Aliwahi kung'oa misumari yake yote, mwaka ule aliofiwa na mkewe, akaichemsha.

— Uliichemsha ya nini? akauliza nesi.

— Kinasa sauti hakipendi maji ya moto.

— Ndiyo maana linayumba, akasema Nusu Kikombe. Miaka yote najua linayumba, nikadhani ni mimi.

Yeye Nusu Kikombe alikuwa na lake, na alilieleza akitazama chini. Alisema yule aliyetoka gerezani hakuwa Lucius. Serikali ina mabohari ya watu. Walimchukua Lucius wetu wakamweka mahali, wakamtoa mwingine anayefanana naye, na shati lile alivishwa kwa kuwa alikuwa mpya. Lucius wa kweli yuko kisiwani huko, anangoja. Na ndiyo maana yule mwingine hakuuliza kwa nini wamemnunia. Lucius wetu angeuliza.

— Angeuliza, akakubali Redio.

— Lucius wetu angelishika birika akatupiga nalo, akasema Nusu Kikombe, na macho yake yakalowa. Yule aliondoka tu, kama mgeni.

— Nyinyi mnazunguka, Jaji akasema. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni. Methali ilisema nguo, sisi tukaona nguo. Shati halijipigi pasi lenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nesi alikuwa ametoa upepo kwenye kitambaa, anakunja vyombo vyake. Akauliza kwa kawaida tu, kama anayeuliza dawa imenywewa saa ngapi.

— Vimeundwa na nani, mzee? Hilo shati, nani alilipiga pasi?

— Serikali.

— Sawa. Lakini nani? Mtu gani alisimama akalitia wanga?

Jaji alifungua mdomo. Redio akamtazama Nusu Kikombe. Nusu Kikombe akatazama kifua chake mwenyewe, shati lake la Alhamisi, jeupe, lililonyooka, kola imesimama. Kisha akalitazama la Jaji, na la Redio. Nami nikalitazama langu. Hapa mtaani hakuna shati lililonyooka ambalo halikupita mkononi mwa mtu mmoja. Tumeegemea ukuta wake miaka yote.

Ndipo nikagundua kwamba pasi ilikuwa imenyamaza.

Verlene alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Hakuonyesha hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu aliyoirudia mara nyingi ikakataa, na sasa namba moja imehama.

— Mnasema shati lipi? akauliza.

Vikombe vitatu vikashuka mapajani.

— Elgin Rainey, nakuuliza wewe.

Hilo ndilo jina la Jaji la ubatizo. Sikuwahi kusikia mtu akimwita nalo benchini. Jaji akasema, shati alilotoka nalo kaka yako, Verlene. Siku ya tatu.

— Ndilo lililofanya mmnunie?

— Hakuna aliyeingiza hata sabuni. Yeye akatoka na wanga.

Verlene akashuka ngazi ya mlangoni, akaja mpaka mbele yao. Alizungumza polepole. Alisema wakati ule alikuwa anafua sare za askari wa sherifu, kwa kuwa hakukuwa na dobi mwingine, na kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa. Alizipeleka kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma haukumrudisha, maana askari bila sare hana kazi. Jioni ya pili alipiga pasi mashati mengine, akayaficha katikati ya sare. Kijana wa zamu pale nyuma akayaona, akamwambia ayaache hapo, atawapa.

— Mashati mengine? Redio akauliza. Mangapi?

— Ninyi mlikuwa sita. Nilipeleka sita.

Alimwonyesha Jaji kwa kidole, shingoni. Akasema shingo yako ilikuwa nene, nikahamisha kifungo. Akamwonyesha Nusu Kikombe. Wewe mikono mirefu, nilikutafutia la marehemu baba yetu. Redio alikuwa na lake la bluu, lile alilooa nalo, mkewe alilileta analia.

— Nilipomwona Lucius ametoka na lake, nilifurahi. Nikajua yamefika. Nikasema, sasa wote wamekaa humo kama watu. Mlipotoka mmechafuka, nilidhani wiki mbili ni nyingi, hata shati zuri huchakaa. Hamkunishukuru. Nikasema, ni machungu ya gerezani, waache.

Basi la mjini likaja kituoni, likafungua mlango, hakushuka mtu, likaenda.

— Yenu yalikwenda wapi? Verlene akauliza.

Najua walimu hupenda kungoja mpaka mkono uinuke. Hakuna mkono ulioinuka. Mtu fulani katika jengo lile, wa viatu vinavyong'aa au mwingine, alikuwa amepewa mashati sita akaona yangefanya kitu ambacho hata risasi isingekifanya. Akatoa moja tu, la Lucius, ili wenzake wamshuku. Kisha akafungua mlango wa mbele.

— Alituonyesha mkono wa shati, Nusu Kikombe akasema. Alikuwa anatuuliza. Alikuwa anauliza yetu yako wapi.

— Nyamaza, Jaji akamwambia, lakini si kwa ukali.

Redio alikuwa akilia kama wazee wanavyolia, bila kubadilisha uso. Alisema usiku mwingi mpaka leo anasikia wimbo wa Lucius nyuma ya ukuta, ule unaopanda halafu ukakatika kabla ya kufika. Huwa anaurudisha, peke yake, kitandani. Mwanawe humwambia anaota.

Nesi Charisse alitaka kuondoka, akaona kuondoka ni vibaya, akabaki. Nusu Kikombe akainua birika, akalitikisa, akamimina. Yalitoka matone machache na machicha. Akakitazama kikombe chake, akakiweka chini bila kunywa.

— Limeisha, Verlene.

— Naona.

Akanyoosha mkono achukue birika lake. Jaji akamtangulia. Akalichukua mikononi mwa Nusu Kikombe, akalikumbatia kidogo kwenye shati lake safi, akaliweka chini kwenye vumbi, kati ya miguu yake. Akatoa leso, akafuta lile duara. Halikutoka. Akaitemea mate leso, akafuta tena.

— Acha, Elgin. Limeshaingia kwenye mbao.

— Mwambie papo, akasema.

— Nimwambie papo tu? Mwenzako hajui kwa nini palichukuliwa. Miaka yote ananiuliza, Verlene, niliwakosea nini wale, nami namwambia sijui, labda ni bunduki, labda ni uchungu. Sasa najua. Nikimwambia walikuacha kwa shati nililokupigia pasi mimi, huenda asipande basi. Nisipomwambia, ataketi hapo Jumamosi juu ya uongo.

— Mwambie, akasema Redio.

— Si mimi, Verlene akasema. Mimi nilipeleka mashati. Hilo ndilo langu. Simu iko ndani, juu ya meza ya kukunjia. Namba imebandikwa ukutani.

Sijui wengine walidhani nini. Mimi nilidhani Jaji angetoa hukumu, angetafuta methali ya kujifunika. Alikaa akitazama mikono yake. Kisha akasimama, akayumba kidogo kwa goti lake bovu, nesi akamshika kiwiko, akamwachia. Akaingia dukani. Tangu nimjue hakuwahi kuvuka mlango ule. Nguo zake huzitoa na kuzipokea dirishani.

Benchi likabaki na nafasi mbili pana, moja ya Jaji na moja ya Lucius, na Redio kwenye ukingo wake kama mtu aliyeachwa kwenye gati. Verlene hakumfuata Jaji. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wake, akatazama kituo cha basi.

Tulisikia namba zikibonyezwa, pole pole, mara moja akakosea akaanza upya. Tukasikia kimya cha mtu anayesikiliza simu ikiita mbali.

— Lucius, akasema. Ni Elgin.

Baada ya hapo hatukusikia kitu. Mvuke ulikuwa umekwisha dirishani na pasi ilikuwa imepoa. Nusu Kikombe alikuwa ameufumba mdomo kwa mkono wake. Nilimwona Jaji kupitia kioo, mgongo umetugeukia, simu imeshikwa kwa mikono miwili, na nilijua maneno yamemkimbia, yeye ambaye hayakuwahi kumkimbia.

Ndipo akaanza kuvumisha. Zile sauti zake nne zinazoshuka, taratibu, kama mtu aliyesimama nyuma ya ukuta ambaye hajui aliye benchini ni nani na ameshika nini. Akafika mwisho. Akanyamaza, akasubiri kurudishiwa.

Redio akaweka kiganja chake juu ya lile duara kwenye mbao.

— Bado pana joto, akasema, kama anayejiambia mwenyewe.